Je, Chaucer wa mwanzo alikuwa mnakili tu wa Wafaransa?

Ndugu, umeuliza: ikiwa mshairi Mfaransa Eustache Deschamps alimwita Geoffrey Chaucer, mshairi Mwingereza wa karne ya 14, "mtafsiri mkuu", basi mashairi yake ya ujanani yana chake nini? Kipo, tena kingi, ila hutakiona ukisoma Kiingereza peke yake. Weka Kifaransa pembeni usome vyote viwili pamoja.

Anza na Roman de la Rose, shairi refu la mapenzi la Kifaransa, kwa kuwa tafsiri ya Chaucer ya shairi hilo ndiyo Deschamps anayoisifu. Guillaume de Lorris alitunga mishororo kama 4,000, kisha Jean de Meun akaongeza zaidi ya 17,000. Tafsiri ya Kiingereza iliyobaki ina mishororo isiyozidi 7,700, na imegawanyika vipande vitatu. Hapo wengi huteleza: wananukuu popote na kuandika "Chaucer asema". Kipande cha kwanza tu, mshororo wa 1 hadi 1705, ndicho wataalamu wengi wanachokubali kuwa chake. Cha pili kina lahaja ya kaskazini na vina ambavyo mtu huyu wa London hakubali kuvitumia kwingine. Ukijenga hoja juu ya mshororo wa 3000, umejenga juu ya kazi ya mtu mwingine.

Kipande hicho cha kwanza kinaifuata asili karibu mshororo kwa mshororo: mizani nane, vina viwili viwili. Ugumu ni kwamba Kifaransa kina maneno tele yanayoishia sawa, Kiingereza hakina. Ukikwama kuna njia mbili. Ama unamalizia mshororo kwa kijazio cha aina ya "hakika" na "bila shaka", ama unalichukua neno la Kifaransa lenyewe pamoja na kina chake. Chaucer alitumia zote mbili, na tabia hiyo haikumtoka alipoanza kutunga ya kwake. Miaka mingi baadaye, katika The Complaint of Venus, bado analalamika kwamba uhaba wa vina katika Kiingereza unamtesa akimfuata Oton de Graunson, mshairi wa Kifaransa, neno kwa neno.

An ABC inaonyesha alivyojinasua. Sala hiyo kwa Bikira Maria ameitoa kwa Guillaume de Deguileville, ambaye kila ubeti wake una mishororo 12 ya mizani nane na vina viwili tu, yaani kila kina kitafutwe mara sita. Kwa Kiingereza hilo ni balaa. Chaucer akashusha ubeti hadi mishororo minane, akarefusha mshororo hadi mizani kumi, akaweka vina vitatu; kinachorudiwa sana kinarudi mara nne. Beti ni 23, kila moja ikianza na herufi yake ya alfabeti, na mara nyingi wazo la mwanzo ni la Mfaransa, kisha ubeti unashika njia yake. Thomas Speght, mhariri wa kazi za Chaucer, alichapa mwaka 1602 kwamba iliombwa na Blanche, duchess (mke wa mtawala) wa Lancaster. Ushahidi uliochelewa miaka mia mbili mimi siutegemei.

Blanche alifariki mwaka 1368, na The Book of the Duchess, mishororo 1,334, ni maombolezo yake. Ufunguzi kuhusu kukosa usingizi ni wa mshairi Mfaransa Jean Froissart, karibu kama ulivyo. Kisa cha Ceyx na Alcyone kimetoka kwa Ovid, mshairi wa Roma ya kale, na Mfaransa Guillaume de Machaut, lakini angalia alichokata: kwa Ovid mume na mke wanageuka ndege na kuishi pamoja tena. Chaucer anamwacha Alcyone afe, basi. Shairi la mfiwa lisingebeba faraja rahisi namna ile.

Ujanja mkubwa zaidi uko kwenye Jugement dou Roy de Behaigne ya Machaut. Humo watu wawili wanashindana nani ana huzuni zaidi: bibi aliyefiwa na mpenzi, na mwanamume aliyesalitiwa. Chaucer anachukua msiba wa bibi, na sifa za uzuri ambazo mwanamume anampa mpenzi aliyemsaliti, anavitia vyote kwa mtu mmoja mwenye mavazi meusi, mfiwa wa shairi lake. Maana yake, sifa nyingi za Blanche zilitungwa kwanza kwa mwanamke msaliti! Msomaji wa kasri aliyemjua Machaut angeliona hilo mara moja.

Kilatini kilimpiga chenga wakati mwingine. Katika The House of Fame, mungu wa kike Sifa ana mabawa ya kwale miguuni. Virgil, mshairi wa Roma ya kale, alimpa mabawa yenye kasi; maneno hayo mawili ya Kilatini, pernix (-enye kasi) na perdix (kwale), yanakaribiana mno.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, usianze na Rose nzima. Chukua mishororo 15 ya kwanza ya The Book of the Duchess, iweke kando ya Paradis d'amour ya Froissart, upige mstari chini ya kila kitu ambacho Mfaransa hana.