Filamu ya sarakasi kwa watoto wadogo
Ndugu, kwa kuwa umeuliza ni filamu gani ya sarakasi inayowafaa watoto wa miaka sita, ningekushauri uanze na Dumbo ya mwaka 1941, katuni ya Disney ya dakika 64 tu, inayomhusu mtoto wa tembo anayechekwa kwa ukubwa wa masikio yake. Mama yake anapofungiwa kwa kumtetea, hupenyeza mkonga kati ya nondo za dirisha na kumbembeleza mwanawe; hapo kaa karibu nao, maana wengi hulia. The Greatest Showman ya 2017 ina nyimbo nzuri, lakini inampamba mno P. T. Barnum, mwenye sarakasi maarufu wa Marekani, ambaye mwaka 1835 alimwonyesha kwa malipo Joice Heth, bibi kizee aliyekuwa mtumwa, na jambo hilo halitajwi kabisa.