Bustani ya Maonyesho Ijengwe Shuleni Kwanza

Kama wewe ni mwalimu au mlezi wa klabu na unafikiria kupeleka wanafunzi wakajenge bustani kwenye maonyesho ya maua, nina ombi moja kwako: bustani hiyo ijengeni shuleni, nzima nzima, kabla ya kuipeleka uwanjani. Nimelea vikundi kadhaa vya wanafunzi katika kazi hii, na kundi lililofanya mazoezi utalitambua asubuhi ya kwanza tu ya ujenzi. Kila mtu anajua koleo lake liko wapi na anaanza na nini. Kundi lililotegemea mchoro peke yake huanza kwa kubishana.

Kabla ya mchoro, lakini, kuna wazo. Vijana huja na mengi: chemchemi, daraja, kibanda, maua ya kila rangi. Usiwakatishe tamaa. Waambie waandike kwa sentensi mbili bustani hii ni ya nani na huyo mtu ataitumiaje. Wakisema ni ya bibi anayetumia kiti cha magurudumu, nusu ya mabishano inaisha hapo hapo: njia isipungue upana wa sentimita 90, chini pawe pagumu pasipo changarawe ya kuzamisha magurudumu, na maua yainuliwe hadi mkono wa aliyeketi uyafikie. Sentensi hizo mbili zina kazi hata mbele ya waamuzi. Kwenye maonyesho ya Chelsea jijini London, ambayo yalianza kufanyika katika viwanja vya Royal Hospital mwaka 1913, waamuzi husoma maelezo ya mbunifu na kupima kama bustani imetimiza alichokiahidi. Bustani hazishindanishwi moja kwa moja. Bustani kadhaa zinaweza kupata medali ya dhahabu kwa pamoja, au isipate hata moja. Kwa hiyo ahidini kile mnachoweza kukitimiza.

Mchoro uchorwe kwa skeli. Ya 1:20 inawafaa wanafunzi kwa sababu sentimita 5 kwenye karatasi ni mita moja ardhini, na hesabu yake haimchanganyi mtu. Ukishakamilika, tokeni nje na kamba na vigingi mpime eneo lile lile kwa ukubwa wake halisi. Hapo ndipo watoto wanapogundua kuwa toroli haligeuki kwenye kona, au kwamba benchi limemeza robo ya bustani. Nakumbuka msichana mmoja aliyechuchumaa pembeni ya mazoezi yetu ili aone kile ambacho mtoto mdogo angekiona. Sisi tuliosimama tuliona maua. Yeye aliona midomo ya vyungu imechomoza kwenye matandazo, yaani tabaka linalofunika udongo, safu nzima. Jioni hiyo walirudia ukingo wote wa mbele.

Vyungu navyo vinahitaji maelezo, maana wengi hudhani mimea ya maonyesho hupandwa ardhini. Kwa maonyesho ya siku chache, mingi iacheni kwenye vyungu vyake, mvizamishe kwenye mchanga au maganda ya miti, kisha mfunike kwa matandazo. Mizizi haisumbuliwi, mmea ulionyauka unabadilishwa kwa dakika moja, na mnaweza kukilaza chungu kidogo ili ua limtazame mgeni.

Maji yana uzito ambao vijana hawaukadirii. Lita moja ni kilo moja. Bwawa la mita 2 kwa 1 lenye kina cha sentimita 40 linabeba kilo 800, bila kuta zake. Punguzeni kina kiwe sentimita 10 na mtandike turubai jeusi chini. Maji yataakisi anga, na hakuna atakayejua kina chake. Pampu iwashwe shuleni na iachwe ifanye kazi kutwa nzima, na nyaya zake zishughulikiwe na fundi umeme.

Sasa kalenda, ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi yote. Hesabuni kurudi nyuma kuanzia siku ya ufunguzi. Alizeti fupi na zinia nyingi huhitaji miezi miwili hivi kutoka mbegu hadi ua. Waridi likipogolewa huchukua kama wiki 6 hadi 8 kuchanua tena, kutegemea aina na joto. Pandeni kwa mafungu yaliyopishana wiki moja, kwa sababu hali ya hewa haisomi kalenda yenu, na otesheni mimea ya ziada angalau theluthi. Krisanthemamu zinataka uangalifu wa pekee: hutoa maua usiku unapokuwa mrefu, kiasi kwamba taa ya ulinzi inayowaka karibu na kitalu usiku kucha inaweza kuzichelewesha. Mpe mwanafunzi mmoja daftari la kitalu, aandike kila aina ilipandwa lini na ilifungua ua la kwanza lini. Mwaka unaofuata daftari hilo litawafaa kuliko kitabu chochote.

Siku ya kusafirisha, mwagilieni jana yake jioni ili udongo uwe na unyevu bila kuchuruzika. Gari liwe limefunikwa, maana upepo wa barabarani huunguza majani laini kwa muda mfupi. Wala msipakie matunda yaliyoiva pamoja na maua. Hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha maua kunyauka.

Uwanjani, anzeni na vitu vizito: kuta, njia, bwawa, kisha miti, halafu vichaka, na maua madogo mwisho kabisa, mkirudi kinyumenyume hadi ukingoni ili msikanyage kilichokwisha kupangwa. Walimu, hapa ndipo mikono huwasha. Mwanafunzi akiweka jiwe likakaa upande, mpe pima maji, kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimekaa sawa, usimnyang'anye jiwe. Bustani ni ya kwao, na wageni watawauliza wao, si wewe. Kila mmoja ajue majina ya mimea iliyo karibu na anaposimama, na aweze kueleza kwa nini ipo pale.

Mapema kabisa, hata kabla ya mbegu ya kwanza, kubalianeni pia mimea itakwenda wapi baada ya maonyesho, na muandike jina la atakayepokea kila kitu: miti, mawe, turubai, hata mchanga. Siku ya kubomoa watu wamechoka na magari yanasubiri, na kisichokuwa na mwenyewe huishia jalalani. Sisi mimea mingi huirudisha shuleni na kuipanda kando ya madarasa, na kazi hiyo hupewa wanafunzi wadogo ambao zamu yao ya maonyesho ni mwaka unaofuata.