Barua za Beckett na kanda za dansi: maswali yenu

Nataka kusoma barua za Samuel Beckett, mwandishi wa tamthilia kutoka Ireland. Zilizochapishwa zinatosha?

Kwa kuanzia, ndiyo. Wachapishaji wa Chuo Kikuu cha Cambridge walizitoa katika vitabu 4 kati ya 2009 na 2016, kuanzia barua za 1929 hadi 1989, mwaka aliofariki. Soma ukijua sharti lake, kwani mwaka 1985 aliruhusu zichapishwe zile tu zinazogusa kazi yake. Ukikuta kimya kuhusu mambo ya nyumbani, usidhani hakuyaandika. Barua zake kwa marafiki zake Thomas MacGreevy na Barbara Bray zimehifadhiwa Trinity College, Dublin, na zile alizomwandikia mwongozaji Alan Schneider ziko Boston College. Pitia kwanza orodha ya mkusanyiko, nakili namba ya kila folda, omba nafasi ya kusoma, ndipo ukate tiketi.

Mwandiko wake ni mgumu kwelikweli. Anza na barua alizopiga taipu ili uzoee majina anayotaja, halafu uingie zile za mkono.

Nina barua za zamani za mwandishi. Bahasha nitupe?

Hapana! Barua yenye neno "Jumanne" tu hupata mwaka na mji wake kutoka kwenye muhuri wa posta. Kila barua ikae na bahasha yake. Ondoa pini na klipu, maana hupata kutu. Usizibe mpasuko kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka njano na kuingia ndani ya karatasi. Namba andika kwa penseli.

Beckett anahusiana vipi na dansi?

Kwa karibu sana. Mwaka 1981 mtunzi wa dansi Maguy Marin wa Ufaransa alitunga dansi ya *May B* kutokana na maandishi yake, kwa idhini yake mwenyewe. Mwaka huohuo Beckett alirekodi *Quad* kwa televisheni huko Stuttgart: watu wanne wanatembea ndani ya mraba, bila neno hata moja, wakikwepa katikati. Njia ya mchezaji wa kwanza imeandikwa hivi: AC, CB, BA, AD, DB, BC, CD, DA. Chora mraba, A na B juu, C na D chini, uifuate kwa kidole. Kila upande unapitwa mara moja, kila mshazari mara mbili. Kumbukumbu ya namna hiyo inafundishika bila video.

Tuna video ya onyesho letu la zamani, lakini tukijaribu kulirudisha linaharibika. Kwa nini?

Kwanza, kamera ilikaa upande wa watazamaji, kwa hiyo mkono wa kulia wa mchezaji unauona kushoto kwako. Anayeiga skrini kama kioo hujifunza dansi nzima kinyume. Pili, mpiga picha alisogelea nyuso akaacha miguu nje. Tatu, na hili ndilo linaloumiza zaidi, video huhifadhi makosa ya usiku ule kana kwamba ndiyo dansi yenyewe.

Wasimamizi wa kazi za Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, waliliona hilo. Kwa kila dansi walikusanya video pamoja na madokezo yake, mpango wa taa, mavazi na muziki. Na kwa kuwa wachezaji wake hawakufuata muziki, muda ulipimwa kwa saa ya kusimamisha (stopwatch); video peke yake isingekuambia hivyo.

Kwa onyesho lijalo, rekodi mara mbili: mazoezi, taa zote zikiwaka, kamera imetulia na jukwaa zima linaonekana, kisha onyesho lenyewe. Daftari la hesabu za hatua liwekwe pamoja na kanda.

Kanda zetu ni za MiniDV, zile ndogo za video za kidijitali. Tufanyeje?

Fanyeni sasa, mashine za kuzichezesha zinaadimika. Peleka mbele hadi mwisho, rudisha, kisha unganisha kwa waya wa FireWire na uchukue faili la DV kama lilivyo, takriban GB 13 kwa saa. Waya wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, hupunguza ubora. Picha ikikatika vibokisi, safisha kichwa cha mashine kabla ya kulaumu kanda. Weka nakala 3, moja nje ya jengo.

Nikimiliki barua, naweza kuichapisha?

Karatasi ni yako, maneno ni ya aliyeandika au warithi wake. Kwa Beckett, katika nchi za Ulaya, ulinzi huo unafika mwisho wa 2059.