Kuahirisha Chuo Ukaishi Ughaibuni: Maswali Yenu

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa miji midogo wanaotaka kusimamisha masomo kwa muda wakaishi nchi nyingine. Nimezifupisha, na majina nimeyaacha pembeni.

Niko mwaka wa pili. Nikiondoka kimyakimya nikarudi mwakani, chuo kitanipokea?

Usithubutu. Aliyeahirisha na aliyetoroka wanaweza kuwa nchi moja wakifanya kazi ileile, lakini kwa chuo ni watu wawili tofauti. Wa kwanza ana barua. Wa pili ana mitihani aliyoikosa bila sababu, na huenda jina lake limeshafutwa. Andika maombi ya kuahirisha, yapite idarani hadi kwa msajili, na usikate tiketi kabla hujapata jibu la maandishi. Mhadhiri akikuambia kwenye korido "nenda tu, tutaelewana", mshukuru kisha uendelee kusubiri barua. Barua hiyo itaje tarehe ya kurudi. Uliza pia itakuwaje mtaala ukibadilika ukiwa mbali, maana hapo ndipo wengi hujikuta wanarudia kozi walizokwishafaulu. Na ondoka muhula ukiisha. Ukiondoka katikati, ada umelipa na matokeo huna.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mkopo. Kuruhusiwa na chuo hakumaanishi anayekudai amekubali kusubiri. Marekani, kwa mfano, mikopo mingi ya wanafunzi itolewayo na serikali kuu huanza kudaiwa miezi 6 baada ya mtu kuacha kusoma, na anayepumzika mwaka mzima huhesabiwa kuwa ameacha. Kwenu utaratibu unaweza kuwa mwingine. Waulize wanaokukopesha wewe mwenyewe, chuo hakitakuulizia.

Rafiki yangu anasema niingie Ulaya kwa viza ya utalii, kazi nitaitafuta nikishafika.

Siku utakapohojiwa na maofisa wa uhamiaji, rafiki huyo hatakuwepo. Viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, inakupa siku zisizozidi 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote 29 kwa pamoja. Kuvuka kutoka Ufaransa kwenda Hispania hakuanzishi hesabu upya, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Mwaka mmoja haupatikani humo, na kazi pia haimo. Zipo viza za vijana za kufanya kazi huku ukitalii, kama zile za Australia, ila zinategemea pasipoti yako ni ya nchi gani. Anza kwa kuangalia kama nchi yako imo kwenye makubaliano, kabla hujaota bahari.

Nimepata mtandaoni familia ya Ujerumani inayotaka nikaishi nao niwatunzie watoto. Wameomba niwatumie pesa za viza.

Pesa usitume. Ada ya viza mwombaji huilipa mwenyewe ubalozini au kwenye kituo kinachopokea maombi. Hailipwi kwa familia, wala kwa "wakili wao".

Mpango wenyewe upo na ni halali; huitwa "au pair". Ujerumani mwombaji anatakiwa awe na umri wa kati ya miaka 18 na 26 na ajue Kijerumani cha kuanzia. Kazi haizidi saa 30 kwa wiki, bima inalipwa na familia, na mkataba hauvuki mwaka mmoja. Marekani wanaruhusu hadi saa 45, tofauti ambayo mgongo wako utaitambua mapema. Omba kuzungumza nao kwa video watoto wakiwepo, kisha uombe namba ya kijana aliyekutangulia katika nyumba hiyo. Wakisitasita kuitoa, tafuta familia nyingine.

Mtaani imeshaenea kwamba nimefukuzwa chuo. Mama hana raha.

Mpe mama nakala ya barua ya kuahirisha, aiweke. Wengine watasema mchana, usiku watalala.

Nina wiki ya sita huku. Mwanzo kila kitu kilinifurahisha, sasa nalia usiku na hata lugha inanikera. Nirudi?

Bado. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliieleza hali hii mwaka 1960: mgeni huanza kwa kipindi kinachofanana na fungate, kisha hufuata chuki na uchungu, halafu polepole anazoea. Wewe uko katikati. Si kila mtu hufuata mstari huo, lakini kwako naona unafanana.

Kwa mtu wa mji mdogo kuna kidonda cha ziada. Kwenu ulikuwa mtoto wa fulani. Huwezi kutembea hatua mia bila kusalimiwa, na pengine ulikuwa umechoshwa na hilo. Huko hakuna anayekujua, na uhuru uliokuwa ukiutamani una baridi yake. Tafuta mahali pamoja pa kwenda kila wiki, siku ileile: kwaya, timu, darasa la lugha. Baada ya mwezi watu watakuuliza ulikuwa wapi ukikosekana. Na simu za nyumbani zipunguze. Ukiongea nao kwa muda wa saa tatu kila usiku, bado hujasafiri.

Ila kama huli, hulali, au unafikiria kujidhuru, usisubiri kuzoea. Mwone daktari wiki hii na uwaambie nyumbani leo.

Nimerudi, na wenzangu wako mwaka wa mwisho. Naona aibu kukaa na wadogo.

Kaa viti vya mbele. Baada ya wiki mbili watakuwa wanakuuliza namna ya kupata viza.