Tumehamia Dodoma, na korongo lililo nyuma ya nyumba linaninyima usingizi

SWALI

Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mama wa watoto wawili. Tulihamia Dodoma mwezi Januari tukitokea Tanga, baada ya mume wangu kuhamishiwa ofisi iliyopo Mji wa Serikali, Mtumba. Tulipata nyumba ya kupanga pembezoni mwa mji na tukalipa kodi ya miezi sita.

Nyuma ya ukuta wetu pana korongo lenye mkwaju mkubwa, na chini yake hukaa vijana watano au sita tangu asubuhi. Mmoja wao ni mtoto wa jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ndiye aliyetupokea siku ya kwanza na kutuonyesha duka na mahali pa kuteka maji. Nimemwona kijana huyo zaidi ya mara moja akisinzia akiwa amesimama, kichwa kikishuka hadi karibu na magoti, lakini haanguki. Nyumba inayotazamana na yetu hupokea pikipiki usiku. Husimama dakika moja au mbili, kisha huondoka. Jioni hewa hujaa moshi wa harufu kali. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka saba aliingia ndani ameshika bomba la sindano aliloliokota korongoni.

Mume wangu anasema sisi ni wageni, tunyamaze. Je, niende polisi, nimweleze yule mama, au tuhame?

Mama wa Wawili, Dodoma

JIBU

Mama wa Wawili, pole sana. Nitaanza na mtoto, kwa kuwa katika barua yako yote hilo ndilo jambo lisiloweza kungoja. Hukueleza iwapo bomba hilo lilikuwa na sindano yake, wala iwapo lilimchoma. Mwulize kwa upole, bila kumgombeza, maana mtoto anayeogopa fimbo huficha kidole. Ikiwa lilimchoma, mpeleke kituo cha afya leo, apimwe na daktari aangalie kama amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Wazazi wengine wanaosoma hapa wafahamu kwamba mtu aliyechomwa na sindano ya kuokotwa huoshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kulikamua wala kulinyonya, kisha hupelekwa hospitali papo hapo. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nguvu yake. Sindano yenyewe iokotwe kwa koleo, itiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ipelekwe zahanati. Isitupwe jalalani, kwa sababu huko kuna watoto wengine.

Sasa tuje kwenye shaka yako. Umeyafunga mambo matano katika kitita kimoja, na mimi ningependa uyafungue, kwa sababu hayana uzito sawa. Moshi wa jioni unaweza kuwa bangi, lakini hapa Dodoma watu wengi huchoma majani ya mwarobaini kufukuza mbu, na mgeni hawezi kuujua moshi huo kwa pua ya mwezi wa kwanza. Vijana kukaa chini ya mti tangu asubuhi ni ukosefu wa kazi kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Hata bomba la sindano, peke yake, halisemi lilitumiwa na nani, kwa kuwa mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini naye hutumia mabomba madogo, na wapo wasiojua namna ya kuyatupa.

Jambo lililonifanya nisome barua yako mara ya pili ni usingizi wa yule kijana. Mtu aliyechoka husinzia akiwa amekaa au ameegemea kitu. Kuinama polepole ukiwa wima, mikono ikining'inia, kisha kuzinduka na kuinama tena, ni hali inayofahamika sana kwa watumiaji wa heroini, ambayo mitaani huitwa unga. Huambatana na kujikuna, sauti nzito na mboni za macho zilizosinyaa hadi kuwa kama ncha ya pini. Dawa ikiisha mwilini huja kile wenyewe wanachokiita arosto: miayo isiyokoma, makamasi, jasho, kuharisha na maumivu ya viungo yanayomfanya mtu auze hata sufuria ya mama yake. Sisemi kwamba kijana huyo anatumia unga, kwa kuwa sijamwona, na zipo dawa za hospitali na maradhi yanayoweza kumlaza mtu hivyo. Ninasema kwamba hofu yako juu yake ina msingi, na kwamba anahitaji daktari kabla ya kuhitaji pingu.

Ndiyo maana sitakushauri uanze polisi kwa ajili yake. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 humhesabu mtumiaji pia kuwa mkosaji, na kijana akikamatwa bila kupatiwa tiba atarudi chini ya mkwaju ule ule akiwa na deni jipya. Tiba ipo, na haipo mbali na wewe. Huduma ya methadone, iliyoanza nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, inatolewa pia hapa Dodoma katika kituo cha Itega kilicho chini ya Hospitali ya Mirembe. Mraibu hunywa dawa hiyo kila siku mbele ya mhudumu, bila malipo. Humwondolea arosto bila kumlewesha anapopewa kipimo chake, naye hupata nafasi ya kula, kulala na kutafuta kazi. Ni tiba ya muda mrefu, na huwafaa waraibu wa heroini na jamii yake. Anayevuta bangi au kutafuna mirungi husaidiwa kwa njia nyingine, hasa ushauri nasaha.

Kwa hiyo nenda kwa yule mama, lakini usiende na neno la unga mkononi. Nenda mara mbili au tatu kwa mambo ya ujirani tu. Mwamkie, umwombe akufundishe kuitikia "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kama wenyeji wanavyoitikia, ukae naye hata kama ni nusu saa. Siku utakayoona nafasi, mweleze ulichokiona kwa macho yako na si ulichokihitimisha: "Mama, nimemwona kijana wako akisinzia amesimama, nikaogopa asije akaanguka, je, anaumwa?" Usitamke neno teja mbele ya mzazi. Ninaamini kwamba amekwisha kujua, na kwamba amechoka kujua peke yake. Akikujibu kwa ukali, mwombe radhi uondoke, bila kuikata salamu ya kesho yake. Akilia, mtajie Itega, na ikiwezekana mwandamane naye.

Nyumba ya pikipiki ni habari nyingine kabisa. Wageni wengi wanaokuja usiku kwa dakika moja ni dalili inayostahili kuangaliwa, ingawa hata muuza gesi hujiwa na wateja hivyo. Andika tarehe na saa ukiwa ndani kwako. Usichungulie, usipige picha, na zaidi ya yote usiliweke jambo hili katika kundi la simu la mtaa, kwa sababu jina likishachafuliwa huko halisafishiki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaweza kukugeukia wewe. Nimewahi kuona mtaa ukimfukuza mpangaji kwa tuhuma za namna hii, na baadaye ikabainika kwamba alikuwa akiuza dawa za mifugo. Hakuna aliyemfuata kumwomba radhi. Ukiona mwenendo huo unaendelea kwa wiki kadhaa, piga simu ya bure namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, au umwone polisi kata. Toa ulichokiandika, uwaachie wao kazi ya kuthibitisha. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi, nayo ya mwaka 2015, ilitungwa kwa ajili ya watu walio katika nafasi kama yako.

Mume wako ana hoja kuhusu ugeni, lakini dawa ya ugeni ni kujulikana. Ikiwa hamjajitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, fanyeni hivyo wiki hii, ninyi wawili pamoja. Hapo hapo mwombeni jambo ambalo halimtuhumu mtu yeyote: korongo lisafishwe na mtaa mzima, wakiwemo vijana wa chini ya mkwaju, kwa kuwa mtoto ameokota sindano.

Kuhusu kuhama, kodi yenu bado ina miezi. Itumieni kufanya haya, huku watoto wakicheza mbele ya nyumba na si nyuma. Ikiwa pikipiki zitaongezeka na mamlaka hazijaonekana hadi kodi inaisha, hamieni kwingine bila kujilaumu, na yule mama mwachieni namba yenu ya simu.