Kabla hujailaumu setilaiti, chimbua sensa yako kwanza

Mkuu umeuliza kwa nini SMAP, ile setilaiti ya NASA ya kupima unyevu wa udongo, inakupa unyevu asilimia 18 ya ujazo wakati sensa yako shambani inasoma 29, na uamini ipi. Hii kazi nimeifanya misimu miwili, na mimi pia niliilaumu setilaiti miezi kibao kumbe shida kubwa ilikuwa kwenye sensa zangu.

Anza na udongo wenyewe. Chukua pete ya chuma ya sentimita za ujazo 100, igongee taratibu karibu na sensa, itoe, kata udongo sawa na ukingo juu na chini, pima uzito hapohapo, kisha weka oveni nyuzi 105 kwa masaa 24 upime tena. Ya kwanza kwangu ilikuwa gramu 156, uzito wa pete nimeshautoa, ikarudi 130, yaani maji gramu 26 ndani ya sentimita za ujazo 100, hiyo ni asilimia 26 hakuna ubishi. Muda huohuo sensa ilikuwa inasema 33! Ulikuwa mfinyanzi, na kalibresheni ya kiwandani, yaani hesabu ya kugeuza usomaji wa sensa kuwa unyevu, mara nyingi inazidisha kwenye mfinyanzi na kwenye udongo wenye chumvi. Rudia zoezi udongo ukiwa mkavu, ukiwa wa kati na ukiwa umelowa chepechepe, ndo utapata mstari wako wa kusahihishia.

Sensa nyingine ilikuwa inasoma chini siku zote, ila mvua ikinyesha inaruka juu ghafla afu inashuka muda si mrefu. Nikaichimbua kwa kisu polepole, nikakuta ufa umepita ubavuni mwa zile sindano zake, sindano ziko hewani na maji yanateremka kufuata waya. Data za sensa ile nilizitupa zote na iliniuma sana.

Sasa kina. SMAP inapokea mawimbi ya 1.41 GHz na inachokiona ni kama sentimita 5 za juu tu. Wewe sensa umeifukia sentimita ngapi? Kama ni 20, siku chache baada ya mvua juu kumeshakauka chini bado kuna maji, kwa hiyo hiyo 18 na 29 zinaweza zote kuwa sahihi kabisa.

Na ukubwa wa eneo ndo usiseme. Kipimo kimoja cha asili cha SMAP kinafunika kama kilomita 40 kwa 40, hata ile gridi ya kilomita 9 imetengenezwa kwa hesabu kutoka kwenye vipimo hivyohivyo vikubwa. Ilirushwa Januari 2015 ikiwa na rada ya kusaidia kuona maeneo madogo, rada ikafa Julai mwaka huohuo. Sasa sensa moja kwenye eneo lote hilo ni nukta tu, weka kadhaa kwenye udongo tofauti na mimea tofauti utafute wastani.

Ndo maana usilinganishe namba kwa namba. Kila upande uupunguzie wastani wake kwanza, halafu angalia kama vinapanda na kushuka pamoja. Hata lengo la SMAP lenyewe, kosa lisizidi 0.04 kwa ujazo (yaani asilimia 4), linapimwa baada ya kuondoa ile tofauti ya kudumu, tena ni kwa sehemu ambazo maji yaliyomo kwenye mimea hayazidi kilo 5 kwa mita ya mraba.

Saa nayo uiangalie, SMAP inapita kama saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa saa za mahali ila faili linaandika UTC (saa ya kimataifa), ukichanganya hapo mvua ya jioni inaonekana imenyesha siku nyingine. Na ukija kutumia ASCAT, kifaa cha rada kwenye setilaiti za Ulaya, kumbuka ile ni asilimia ya kushiba, 0 mpaka 100, sio ujazo, lazima uzidishe kwa sehemu ya ujazo wa udongo wako ambayo ni nafasi wazi kwanza.

Ukishafanya yote hayo na mvua inanyesha mstari wa setilaiti hautikisiki, hapo ndo ufungue bendera za ubora (alama za kuonyesha kama kipimo kinaaminika) za hiyo pikseli, yaani kile kipande cha eneo lako, kuna uwezekano mkubwa imejaa msitu mnene.