Maswali Yenu: Kutafuta Metali Mashambani Uingereza Baada ya Mavuno

Shamba limeshavunwa, halina hata uzio. Bado nahitaji ruhusa?

Ndiyo. Wasomaji watatu wameniuliza hili mwezi huu, nami nalijibu kwa mara ya mwisho: shamba lisilo na ngano lina mwenyewe vilevile, na njia ya waenda kwa miguu inayolikatiza inakupa haki ya kupita, si ya kuchimba. Ruhusa iwe ya maandishi, na mgao wa kitakachopatikana utajwe humo humo, maana makubaliano ya mdomo husahaulika siku dhahabu inapoonekana.

Kifaa cha kutafutia metali kitaniambia kama ni dhahabu kabla sijachimba?

Hapana. Kishikio cha kopo la soda kinaweza kukifanya kilie sawasawa na pete ya dhahabu.

Mabua yananisumbua. Nisubiri shamba lilimwe?

Mabua mafupi ya ngano hayana neno. Marefu huinua sahani ya kifaa (ile sehemu ya chini inayotambua metali), na kila sentimita iliyopotea juu ya ardhi imepotea pia chini yake. Lakini usisubiri sana, kwani ngano ya majira ya baridi huanza kupandwa Septemba. Muulize mkulima. Mabua ya mahindi achana nayo.

Nimepata sarafu tatu kuukuu za fedha katika shimo moja. Niendelee kuchimba?

Acha sasa hivi. Kwa Sheria ya Hazina ya 1996, sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha zilizopita miaka 300, zikipatikana pamoja, ni hazina, nawe una siku 14 za kumwarifu mchunguzi wa vifo (usishangae, sheria ndiyo iliyompa kazi hiyo). Mwaka 1992, huko Hoxne, Suffolk, Eric Lawes alikuwa akimtafutia rafiki yake mkulima nyundo iliyopotea, akaangukia dhahabu na fedha za Kirumi. Alitoa sehemu tu, akaacha, akatoa taarifa. Ndiyo maana wataalamu waliikuta iliyobaki imelala jinsi ilivyopangwa ndani ya kasha, pauni milioni 1.75 zikalipwa kama tuzo, naye akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imo British Museum. Watafutaji wengine wawili, walioficha hazina ya enzi za Waviking karibu na Leominster mwaka 2015, waliishia gerezani, na sarafu nyingi hazijaonekana tena.

Nizisafishe kwa siki?

Usithubutu, wala mswaki usiuguse. Zitie kwenye mfuko na udongo wake, andika mahali zilipotoka, na umwachie mtaalamu kazi ya kuziosha.